Mwaka wa Kwanza Baada ya Mazishi

Kati ya Embu na Meru, ndani ya kaunti ya Tharaka Nithi, kuna daraja ambalo dereva mzoefu huanza kulifikiria kilomita kadhaa kabla ya kulifikia. Barabara hushuka kwa mteremko mrefu wenye kona hadi mto Nithi, na gari likikataa breki hapo hakuna pa kulielekeza. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022, basi lililotoka Meru lilitumbukia katika bonde hilo na kuua zaidi ya watu 30. Ajali hiyo ilitangazwa kote nchini kwa sababu ya ukubwa wake. Lakini barabara hiyo, pamoja na zile ndogo zinazoungana nayo, huua pia mmoja mmoja bila kutajwa redioni: kijana wa bodaboda aliyegongwa usiku karibu na Runyenjes, kondakta aliyeanguka mlangoni, dereva wa pikapu ya miraa aliyesinzia alfajiri. Katika miaka ya karibuni Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka, na waendesha pikipiki ni miongoni mwa wanaokufa kwa wingi zaidi. Wengi wao hawakuwa safarini. Walikuwa kazini.

Kazi za hatari katika eneo hili si za barabarani pekee, ingawa barabara ndiyo kubwa kuliko zote. Miraa ya Igembe na Tigania na muguka wa Mbeere haviwezi kungoja. Jani lililochunwa asubuhi hupoteza thamani ndani ya siku 2 hivi, kwa hiyo kila mtu katika mnyororo huo hukimbia, kuanzia kijana anayepanda mti mrefu huko Laare hadi dereva anayeuwahi uwanja wa ndege Nairobi. Wapo wavuvi wa mabwawa ya Masinga na Kiambere wanaogawana maji na viboko na mamba. Wapo wachimba mawe na mchanga, askari wa wanyamapori katika Mbuga ya Meru, polisi na wanajeshi waliopelekwa mpakani. Wapo pia mafundi na vibarua kutoka bara wanaokwenda kutafuta riziki kaskazini, ambako tarehe 2 Desemba 2014 wachimba mawe 36 waliuawa na magaidi kwenye machimbo ya Koromey, Mandera. Watu hawa wote hutoka nyumbani asubuhi wakijua kwamba kazi yao ina uwezekano mkubwa wa kuwaua au kuwalemaza kuliko kazi ya karani. Wanajua, wake zao wanajua, wazazi wao wanajua. Jambo la kushangaza ni jinsi maarifa hayo yanavyoandikwa mahali pachache.

Msiba ukitokea, watu wa Meru na Embu hawahitaji kufundishwa la kufanya. Kabla jua halijatua kamati imeundwa, kundi la WhatsApp limefunguliwa, mweka hazina ametajwa na namba ya kutuma mchango imesambazwa. Kila jioni kuna kikao. Bili ya hospitali hulipwa, mochari hulipwa, jeneza, hema, gari la mwili na chakula cha waombolezaji hupatikana. Familia isiyokuwa na akiba yoyote huweza kukusanya laki kadhaa katika wiki moja, na hili ni jambo la kujivunia. Nchi nyingi tajiri hazina ujirani wa namna hii. Ila kamati hiyo huvunjwa siku ya mazishi au siku chache baadaye. Hapo ndipo mjane anapokutana na mambo ambayo mchango haukuyalenga: mwenye nyumba anayetaka kodi, kampuni ya mkopo inayotaka pikipiki yake, wadhamini wa Sacco wanaouliza deni litalipwaje, mwalimu mkuu anayeuliza karo ya muhula wa pili, na shemeji anayesema shamba lile lilikuwa la mzee na marehemu alikuwa amekaribishwa tu.

Hoja yangu ni kwamba familia nyingi za kazi za hatari huumizwa na mwaka huo wa kwanza kuliko zinavyoumizwa na gharama za msiba wenyewe, na kwamba sehemu kubwa ya maumivu hayo huletwa na mpangilio mbaya zaidi ya umaskini. Mali ndogo ipo, haki ipo, hata fidia wakati mwingine ipo, lakini jina lililoandikwa si lake, muda wa kudai umepita, au aliyejua karatasi ziliko amezikwa nazo. Haya ni matatizo ambayo yangeweza kumalizwa na jioni 2 za mazungumzo na nauli ya kwenda mjini.

Tuanze na karatasi iliyo rahisi kuliko zote na inayosahauliwa kuliko zote, fomu ya mteuliwa. Eneo hili ni la ushirika kwelikweli: Nawiri na Winas kule Embu, Yetu kule Imenti, Capital na Solution mjini Meru, Dhabiti kule Maua, mbali na vyama vidogo visivyohesabika. Mtu anapojiunga na Sacco hutakiwa kutaja nani atachukua akiba na hisa zake akifa. Kijana wa miaka 22 huandika jina la mama yake au la kaka yake, jambo la busara kabisa kwa umri huo. Miaka 10 baadaye ana mke na watoto 3, akiba imekua, na fomu bado iko pale pale. Kwa sheria ya vyama vya ushirika, chama humlipa mteuliwa, na mahakama zetu zimesema zaidi ya mara moja kwamba fedha zenye mteuliwa haziingii katika mirathi ya kugawanywa. Kaka mtu akizichukua hajaiba, amelipwa kihalali. Akiwa mwungwana atampa shemeji yake, na akiwa na madeni yake mwenyewe huenda asimpe. Mambo ni hayo hayo kwa bima za vikundi wanazopewa polisi na watumishi wa umma, na kwa mafao ya uzeeni. Ukiniuliza ni jambo gani moja ambalo mwendesha bodaboda au askari anaweza kulifanya wiki hii bila gharama ya maana, nitakujibu ni kwenda ofisini na kusoma tena jina aliloliandika.

Baada ya fomu hiyo kuna wosia, na hapa kuna imani moja ambayo imewaponza wengi: kwamba maneno ya mwisho ya marehemu ni sheria. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inautambua wosia wa mdomo, lakini kwa masharti makali. Ni lazima utamkwe mbele ya mashahidi 2 au zaidi, na aliyeutamka awe amefariki ndani ya miezi 3 tangu siku hiyo. Mwanajeshi aliye vitani ana nafuu kidogo: wosia wake wa mdomo husimama hata miezi 3 ikipita, mradi afe katika kipindi hicho hicho cha utumishi wa vita. Raia wa kawaida hana nafuu hiyo. Dereva aliyemwambia rafiki yake mwezi Januari kwamba ploti ya Nkubu ni ya binti yake, akafa mwezi Juni, kisheria hakusema kitu. Majeruhi aliyemnong'onezea ndugu mmoja katika wodi ya hospitali ya rufaa ya Meru, bila mtu wa pili kusikia, naye hakusema kitu. Na mashahidi wakipingana kuhusu kilichosemwa, wosia huo huanguka, isipokuwa pale ambapo shahidi asiye na upande atathibitisha.

Wosia wa maandishi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Hauhitaji wakili, ingawa wakili husaidia mali ikiwa na utata. Hauhitaji muhuri. Unahitaji mtu mzima mwenye akili timamu, sahihi yake, na mashahidi 2 wanaotia sahihi baada ya kumwona akitia yake. Tahadhari iko kwa mashahidi: mtu uliyemwachia kitu, au mume au mke wake, asiwe shahidi, kwa maana zawadi yake hubatilika pasipo mashahidi wengine 2 huru. Wala wosia si fimbo ya kumchapia mke au mtoto uliyekasirika naye. Mahakama ina uwezo wa kuwatengea sehemu wategemezi walioachwa bila kitu, na wale wa mbele katika orodha ya wategemezi ni mke na watoto. Nani asiyejua kisa cha S. M. Otieno? Alikuwa wakili mashuhuri wa Nairobi, akafariki tarehe 20 Desemba 1986 bila kuacha wosia wa maandishi, na mjane wake na ukoo wakashindania mwili mahakamani hadi ukazikwa tarehe 23 Mei 1987, zaidi ya miezi 5 baadaye. Sheria yetu haiyafungi matakwa ya mazishi kwa namna inavyoyafunga ya mali, lakini karatasi yenye sahihi ingewapa majaji kitu cha kushika badala ya kusikiliza mashahidi wakikumbuka mazungumzo ya zamani.

Jambo linalotangulia wosia, na ambalo vijana wengi wa stendi hawalitaki kulisikia, ni ndoa yenyewe. Wengi wanaishi pamoja bila cheti na bila mahari kukamilika, wakiamini kwamba miaka na watoto vinatosha. Zamani mahakama zilikuwa na huruma ya kudhania ndoa pale watu walipoishi kama mume na mke kwa muda mrefu. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra, na ikaweka vigezo vyake. Mwanamke aliyekaa na mwendesha pikipiki kwa miaka 4 pale Kianjai au Siakago anaweza kufika mochari akakuta familia ya mume inamwita mgeni. Watoto wako mahali salama zaidi, kwa kuwa haki yao ya kurithi haitegemei ndoa ya wazazi, lakini ni lazima waonekane ni wa nani. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2016, jina la baba laweza kuingia katika cheti cha kuzaliwa cha mtoto hata kama wazazi hawakuoana. Baba anayefanya kazi ya hatari na mtoto wake hana jina lake kwenye cheti amemwachia mama kazi ya kuthibitisha damu mbele ya watu wasiotaka ithibitishwe.

Nimeanza na karatasi makusudi, kwa sababu kila ninaposikia mpango wa dharura ukizungumzwa, neno la kwanza huwa bima. Bima ni nzuri. Lakini ukweli ni kwamba Wakenya wengi hawana. Malipo yote ya bima nchini hayafiki asilimia 3 ya pato la taifa. Zaidi ya hapo, bima ambayo mwendesha bodaboda anadhani anayo mara nyingi haimhusu. Bima ya lazima ya pikipiki ni ya watu wengine: abiria wake, au mpita njia aliyemgonga. Yeye mwenyewe akianguka peke yake kwenye kokoto za Mitunguu, bima hiyo haimlipi hata senti. Hii ni kasoro ya sheria, na sioni sababu ya kuitetea. Mtu aliye katika hatari kubwa kuliko wote kwenye chombo hicho ndiye pekee aliyeachwa nje. Wabunge wa eneo hili wanaopenda kupigwa picha wakigawa kofia za usalama na jaketi zenye mistari inayong'aa wangefanya la maana zaidi kama wangelipeleka hilo Bungeni.

Walioajiriwa wana ulinzi mzuri zaidi, ila wengi hawajui kwamba wameajiriwa. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha tarehe 3 Desemba 2019, humtaka mwajiri awawekee wafanyakazi bima na kulipa fidia ajali ikitokea kazini, bila mfanyakazi kulazimika kuthibitisha kosa la mwajiri. Kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu hesabu ni mshahara wa miezi 96. Mtu aliyekuwa akipata shilingi 20,000 kwa mwezi, fidia yake hufika shilingi 1,920,000. Mchango gani wa harambee ulishawahi kufika hapo kwa kibarua? Lakini dai ni lazima liwasilishwe ndani ya miezi 12, na ni lazima kuwe na ushahidi kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi wa mtu. Kondakta wa matatu hana barua ya ajira. Mkata mawe hulipwa taslimu Jumamosi. Dereva wa pikapu ya miraa hulipwa kwa safari. Familia inayolijua hili mapema hutunza vitu vidogo: ujumbe wa malipo kwenye simu, jina kamili la mwenye gari, namba ya usajili, majina ya wenzake 2 wa kazini. Familia isiyolijua humshukuru tajiri aliyeleta gunia la mchele na 30,000 za jeneza, na mwaka unakwisha.

Nao wasiokufa wasisahaulike. Mazungumzo yetu ya maafa hukimbilia kaburini, ilhali majeruhi ni wengi kuliko waliokufa na mara nyingi ni mzigo mrefu zaidi. Mguu uliovunjika mara 2 humweka kijana kitandani miezi 6, na mkopo wa pikipiki haupumziki hata siku moja. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mtu asiyekuwa na mshahara, kiwango hupimwa kwa hali ya kaya na hulipwa kwa mwaka mzima, na hapo wengi hukwama. Malalamiko juu ya mfumo huo ni mengi na mengine ni ya haki. Hata hivyo, sijaona hesabu inayoonyesha kwamba shilingi 3,600 za mwaka ni ghali kuliko upasuaji mmoja wa mfupa. Kuna pia mpango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, uitwao Haba Haba, unaomruhusu asiyeajiriwa kuweka kuanzia shilingi 25 kwa siku. Si bima ya ajali, na asiyeelewa hivyo atalaumu bure, lakini ni akiba yenye jina la mteuliwa na iliyo mbali na mkono wa kila siku.

Dharura nyingine haihitaji hospitali. Uingereza ilipiga marufuku miraa tarehe 24 Juni 2014, na soko lililosomesha watoto wengi wa Igembe likafungwa kwa siku moja. Mwezi Machi 2020 ndege za miraa kwenda Somalia zilisimama, na hazikurudi hadi Julai 2022. Mwezi Mei 2024 kaunti za pwani zikauzuia muguka wa Embu kabla mahakama haijaingilia. Mkulima, mchunaji, mfungaji na dereva wote waliangushwa pamoja. Hapa pia karatasi ina kazi yake. Ni kawaida mwenye shamba kumkodishia mfanyabiashara miti yake kwa muda na kupokea fedha mapema. Mapatano yakiwa ya mdomo na mwenye shamba akafariki, mjane anaweza kuamka na kukuta watu juu ya miti wakisema walikwisha kulipa. Huenda kweli walilipa. Hana jinsi ya kujua.

Sasa pingamizi. La kwanza ni kwamba kuzungumzia kifo ni kukiita. Hofu hii ni ya kweli na haifai kudharauliwa, lakini tusiipachike jina la mila. Wazee wa Ameru na Aembu walikuwa wakigawa mashamba wakiwa hai, wakitembea na wana wao na mashahidi hadi mpakani, na migogoro ikasikilizwa na mabaraza ya wazee; Njuri Ncheke, baraza la Ameru, imesimama hadi leo. Usajili wa ardhi wa miaka ya 1950 na 1960 ndio ulioihamisha kazi hiyo kwenye hati, na tangu hapo wengi wakaacha kutembea mpakani bila kuanza kuandika. Matokeo yake ni hati nyingi ambazo bado zina jina la babu aliyekufa kabla wajukuu hawajazaliwa. Kupanga mapema ndiyo mila. Kunyamaza ndiko kugeni.

La pili husemwa kwa sauti ya chini, hasa na wanaume: mke akijua mali yote iko wapi, ataniua au atahama na mwingine. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu ndilo linalozuia kuliko yote, hata kama halisemwi kanisani. Jibu la sheria ni kwamba anayemuua mwenzake hamrithi. Sheria ya Urithi inasema hivyo waziwazi. Jibu la vitendo ni kwamba mtu hahitaji kutangaza kiasi. Familia inahitaji kujua kwamba kuna akaunti Yetu, hisa katika kiwanda cha chai, deni kwa fulani na hati iliyowekwa benki. Kiasi kinaweza kubaki kwenye bahasha iliyofungwa kwa wakili, kwa mchungaji au kwa mzazi anayeaminiwa. Lakini niseme pia kwamba ndoa ambayo mume anaona ni afadhali watoto wake wakose chakula kuliko mama yao ajue jina la benki ina tatizo ambalo hakuna fomu ya kulitibu.

Wengine watasema haya ni mambo ya wenye mali, na mtu wa bodaboda ana nini cha kurithisha. Ana pikipiki, hata kama nusu ni ya mkopeshaji, na familia inayojua kiasi kilichobaki yaweza kuimaliza au kuiuza badala ya kunyang'anywa. Ana fedha kwenye simu. Ana sehemu yake ya zamu katika chama, na huenda ni wiki 2 tu zilizobaki afikiwe. Ana haki ya kudai kwa aliyemgonga. Kadiri mali ilivyo ndogo ndivyo shilingi 40,000 zilizopotea zinavyouma. Kuna mabilioni ya shilingi ya Wakenya yaliyolala katika Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na si yote ya matajiri. Na shemeji anayeondoka na pikipiki ya marehemu jioni ya mazishi ajue kwamba kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai, lenye faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Faini hiyo ni ndogo mno siku hizi, lakini kuitaja mbele ya chifu mara nyingi huirudisha pikipiki.

Pingamizi zito zaidi ni lile linalosema tunawabebesha maskini kazi ya serikali na waajiri. Nakubaliana na nusu yake. Mwajiri asiyeweka bima anavunja sheria na afuatwe; fidia ya waliouawa na wanyamapori, ambayo kwa sheria ya mwaka 2013 ni shilingi milioni 5 kwa kifo, haifai kuchukua miaka kulipwa. Lakini historia haionyeshi serikali ikitangulia. Wachimba madini wa Goslar, Ujerumani, walikuwa na udugu wa kusaidia wagonjwa, wajane na mayatima wao mwaka 1260. Sheria ya taifa ya bima ya ajali kazini ilikuja mwaka 1884. Waliokuwa na mfuko wao ndio waliokuwa na sauti ya kudai sheria, na mfuko huo haukufa sheria ilipokuja. Sisi tayari tunao udugu kama huo kwenye kila stendi. Kinachokosekana ni kuupanua upite siku ya mazishi.

Chukua stendi yenye waendeshaji 40. Kila mmoja akitoa shilingi 20 kwa siku, siku 26 za mwezi, zinapatikana 20,800 kwa mwezi na karibu 250,000 kwa mwaka. Stendi ikikubaliana kwamba fedha hizo hazinunui hema wala ng'ombe wa matanga, kwamba ni za miezi 12 inayofuata tu, kwa mjane au kwa aliyevunjika mguu, zinaweza kulipa kodi na karo za familia moja au 2 bila kumwomba mtu. Kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, akaunti iwe na watia sahihi 3, na masharti yaandikwe kabla ya ajali ya kwanza, kwa sababu baada ya ajali ya kwanza kila mtu atakuwa na binamu. Ndiyo, fedha za vikundi huibwa. Huibwa zaidi pale ambapo hakuna aliyeandika zilikuwa za nini.

Serikali za kaunti za Meru na Embu, makanisa na Sacco zina nafasi hapa kwa gharama ndogo. Sacco inayotuma ujumbe kila mwezi kukumbusha mkopo inaweza kutuma mmoja kwa mwaka ukimwonyesha mwanachama jina la mteuliwa wake na kumuuliza kama bado ni sahihi. Chifu anayeandika barua za mirathi kila wiki anajua kuliko wakili yeyote ni familia zipi za kata yake zitakazozozana. Nayo makanisa, ambayo hukutana na wanandoa wapya na waombolezaji kwa zamu, yangeweza kuliweka somo hili kwenye mafunzo ya ndoa badala ya kulingojea kaburini.

Lakini usiwasubiri hao. Kikao kijacho cha chama chako kikifika kwenye mengineyo, simama uombe mambo 3: kila mwanachama asome upya jina la mteuliwa wake, aandike orodha ya ukurasa mmoja ya anachomiliki na anachodaiwa na kumwonyesha mtu mmoja wa nyumbani inakowekwa, na kamati ya mazishi ibadilishwe kuwa kamati ya mwaka mzima. Na kama una jamaa aliyefariki kazini na miezi 12 haijatimia, mpeleke mjane wake katika ofisi ya afya na usalama kazini ya kaunti wiki hii, akiwa na cheti cha kifo na jina la mwajiri.